Kompyuta yako ya mitumba haijafa, ni vile hakuna aliyeandika nambari yake

Alhamisi jioni, saa moja hivi, nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya maktaba ndogo ya mtaa wetu huku Eastlands. Mbele yangu kulikuwa na kompyuta 12 zilizokuwa zimebakisha siku mbili tu za kuishi.

Ni zile mashine ndogo za ofisi, za ex-UK, sanduku lenye ukubwa wa kamusi ambalo unalibandika nyuma ya skrini na mambo yameisha. Kuna mtu alizitoa kama msaada ili watoto wa mtaa wafanyie kazi za shule. Lakini wazee wa kamati ya maktaba walikuwa wamesema wazi: zikikataa kufanya kazi kufikia Jumamosi, zinapimwa kwa kilo na kuuziwa watu wa skrapu. Mtaani najulikana kama msee wa kompyuta, basi simu ikanifikia.

"Kijana wangu, wewe angalia tu," mwenyekiti aliniambia. "Ikishindikana, hatutakulaumu."

Nikachomeka flashi yenye Linux, nikawasha ya kwanza. Ikawaka. Nikajua nimeomoka. Halafu skrini ikafunguka nikaona kumbe bado. Maandishi yalikuwa manene, yamevutwa pembeni kama picha ya pasipoti iliyochapishwa vibaya. Skrini yenyewe ina uwezo wa pikseli 1920 kwa 1080, lakini mashine ilikuwa inatoa 1024 kwa 768, na kwenye mipangilio hakukuwa na chaguo lingine. Nikafungua video ya somo la hesabu. Ikaanza kukwamakwama, mwalimu anafungua mdomo wakati sauti ilishapita kitambo. Feni ikalia kama posho mill.

Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Zote 12.

Kama una kompyuta ya zamani na umewahi kujaribu Linux, pengine hii stori unaijua. Na siku hizi wengi wetu tunajaribu, si kwa kupenda. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikubali mashine yoyote tu. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yake. Mashine nyingi tunazonunua kwa bei ya kuongea pale Luthuli haziko kwenye orodha hiyo. Zina nguvu za kutosha kuandika insha, kutazama masomo na kujifunza kuandika programu, ila zimefungiwa mlango. Linux ndiyo mlango wa nyuma, na ni wa bure.

Shida ni kwamba hata huo mlango wa nyuma una bawabu mwenye orodha.

Nilivyopoteza Alhamisi yote

Nianze na makosa yangu ili wewe usiyarudie. Kwanza nililaumu waya wa skrini, nikabadilisha. Pili nikalaumu RAM, nikaichomoa, nikaifuta, nikairudisha. Tatu niliweka Linux upya mara tatu, kila mara aina tofauti. Nikampigia fundi mmoja ninayemjua, nikamweleza. Hakungoja hata nimalize.

"Bro, hiyo kadi ya video imeungua. Uza."

Kadi 12 zote ziungue siku moja, kwa namna moja? Hapo ndipo nilipojua tunatibu malaria kwa mgonjwa wa meno. Kitu kilichoungua hakikupi picha safi iliyovutwa tu pembeni. Kadi ilikuwa hai. Ni mfumo ambao haukuijua ni nani, basi ukaiongelesha kwa lugha ya ishara.

Mashine inavyojua ina kadi gani

Watu husema "Linux imetambua kadi yenyewe" kana kwamba ni uchawi. Hakuna uchawi. Tazama kinachotokea.

Kila kifaa kinachokaa kwenye njia ya PCI ndani ya kompyuta, kama vile kadi ya video, kadi ya mtandao au ya sauti, kina kitambulisho kilichochapwa ndani yake. Kitambulisho hicho kina sehemu mbili: nambari ya kampuni na nambari ya kifaa, kila moja ya herufi nne. Kampuni hupewa nambari na PCI-SIG, shirika linalosimamia viwango hivyo. Intel ni 8086, jina la prosesa yake maarufu ya mwaka 1978. AMD hutumia 1002 kwa kadi zake za video, nambari iliyorithi kutoka ATI ilipoinunua mwaka 2006. Nvidia ni 10de. VIA ni 1106, SiS ni 1039, Matrox ni 102b. Kampuni ya S3 ilikuwa na utani wake, ikachukua 5333. Isome ile 5 ya kwanza kama S.

Mashine ikiwaka, kerneli, yaani kiini cha Linux, hupita kila kiti kama kondakta wa matatu akiuliza, "Wewe ni nani?" Kiti kikijibu ffff, hakuna abiria. Kikijibu nambari halisi, kerneli huiandika pamoja na aina ya kifaa. Vifaa vya picha huwa na aina inayoanza na 03.

Nambari hiyo peke yake haifanyi kitu. Lazima apatikane dereva, yaani programu inayojua kuongea na chipu hiyo. Na kila dereva huja na orodha yake: mimi naendesha nambari hii, hii na hii. Orodha zote hukusanywa kwenye faili moja linaloitwa modules.alias. Nambari ya kadi yako ikipatikana humo, dereva anaitwa, anashika usukani, na skrini inapata pikseli zake zote. Hiyo ndiyo kazi nzima ya "kutambua yenyewe". Ni kulinganisha nambari na orodha.

Ile programu ya zamani ya kuchora skrini kwenye Linux, X.Org, nayo ina orodha kama hiyo ndani ya kodi yake. Ukiisoma utashangaa ilivyo rahisi: kampuni ikiwa 1002, jaribu dereva wa ati, ikiwa 102b, jaribu mga, ikiwa 1106, jaribu openchrome, ikiwa 1039, jaribu sis. Wote wakikataa, tumia dereva wa jumla.

Huyo dereva wa jumla ndiye tuliyekuwa naye sisi. Anajua mambo machache ambayo karibu kila kadi inayajua. Anakupa picha, lakini saizi ya skrini ni ile aliyoikuta. Kazi ya kuchora na kufungua video inabebwa na prosesa, ndiyo maana feni inalia. Kwa laptopu, mara nyingi hata kupunguza mwangaza au kuilaza kunakataa. Mtu asiyejua anaona mashine nzito, mbovu. Anaiuza kwa hasara au anaitupa.

Nani huachwa nje ya orodha

Hapa ndipo ilinigusa. Orodha hizi huandikwa na watu. Anayeandika ni mhandisi wa kampuni iliyotengeneza chipu, au ni mtu aliye na kifaa hicho mezani kwake. Kadi ya Nvidia ambayo mamilioni wanayo haiwezi kusahaulika siku mbili. Lakini chipu iliyowekwa kwenye mashine za bei ya chini, ikauzwa miaka miwili kisha ikaachwa? Nani ataiandika?

Kuna mifano inayojulikana. Miaka ya 2007 na kuendelea, laptopu nyingi za bei nafuu zilikuwa na chipu ya SiS 671, kitambulisho chake 1039:6351. Nambari ya kampuni ilikuwa kwenye orodha, lakini dereva wa kawaida wa sis alikuwa wa vizazi vya nyuma na hakuijua chipu hiyo. Mwisho wa siku, watu wenye skrini ya 1280 kwa 800 walikaa na picha ya 1024 kwa 768 iliyovutwa, wakihangaika kutafuta dereva mwingine aliyeitwa sisimedia na kumweka kwa mkono.

Mfano wa pili ni mtamu zaidi kwa sababu nambari yenyewe ilidanganya watu. Karibu mwaka 2009, laptopu ndogo kadhaa zilitoka na chipu ya Intel GMA 500. Watu wa Linux waliona 8086 wakasema, Intel haina noma, nunua. Kumbe ndani ya chipu ile, sehemu ya kuchora haikuwa ya Intel. Ilikuwa PowerVR, kazi ya Imagination Technologies ya Uingereza. Dereva wa kawaida wa Intel hakuweza kuiendesha. Ilibidi Alan Cox, mmoja wa wakongwe wa Linux, aandike dereva mwingine, gma500. Aliingia kwenye kerneli mwaka 2011 akiwa bado kwa majaribio, kisha 2012 akakubaliwa rasmi. Kwa hiyo kuna watu waliotumia mashine zao miaka miwili mitatu kwa lugha ya ishara kabla ya orodha kuwafikia.

Sasa fikiria mtaani kwetu. Sisi hatununui kilicho kipya na maarufu. Tunanunua kilichobaki: mashine za ofisi zilizofungwa London, laptopu za shule zilizobadilishwa, visanduku ambavyo hata aliyevitengeneza ameshavisahau. Vifaa vya ajabuajabu viko kwetu kwa wingi, na wanaoandika orodha wako mbali navyo. Tusipoandika sisi, ni nani ataandika?

Usiku wa Ijumaa

Ijumaa nilirudi maktaba na akili tofauti. Badala ya kuweka Linux mara ya nne, nilifungua terminali nikaandika:

lspci -nn -k

Amri hii inakuonyesha kila kifaa, nambari zake, na dereva anayekiendesha. Nikashuka hadi kwenye mstari wa VGA. Nambari ya kampuni ilionekana na jina lake. Jina la kampuni naliacha, hii si kesi ya mtu. Lakini mahali pa jina la kadi palikuwa na neno Device na nambari tupu. Na ule mstari wa dereva anayetumika haukuwepo kabisa.

Nikatafuta chipu nyingine za kampuni hiyohiyo. Kulikuwa na moja ya familia ileile, nambari yake ikitofautiana na yetu kwa herufi ya mwisho tu. Hiyo ilikuwa na dereva ndani ya kerneli, tayari, amekaa tu. Nikaandika modinfo na jina la dereva, nikaona orodha ya nambari zake. Ndugu yake alikuwemo. Yetu haikuwemo.

Yaani gari lipo, dereva yupo, barabara ipo. Kilichokosekana ni nambari moja kwenye karatasi ya bawabu.

Kerneli ina kimlango cha majaribio kwa hali kama hii. Kila dereva wa PCI aliyepakiwa ana faili dogo linaloitwa new_id, ndani ya /sys/bus/pci/drivers/. Ukiliandikia nambari ya kampuni na ya kifaa, unamwambia dereva: jaribu na hii pia. Nikampakia dereva kwa modprobe, nikaandika zile nambari mbili, nikapiga Enter.

Skrini ikawa nyeusi.

Niliwahi kuacha chuo, na kuna ile sauti ambayo hukujia nyakati kama hizo kukuuliza, kwani wewe ulisomea hii kitu? Ilinijia. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Halafu picha ikarudi, nyembamba, safi, pikseli 1920 kwa 1080. Binti mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa amebaki akisoma alisimama nyuma yangu.

"Bro, umebadilisha skrini?"

"Hapana. Nimeiambia jina tu."

Tukafungua ile video ya hesabu. Mdomo wa mwalimu na sauti yake vikaenda pamoja. Feni ikanyamaza.

Usiishie kwako tu

Mabadiliko ya new_id hupotea ukizima mashine. Niliandika kijifaili kidogo cha kuyarudia kila mashine inapowaka, nikakiweka kwenye zote 12. Hadi saa sita usiku nilikuwa nimemaliza.

Ningeweza kwenda kulala. Lakini mashine kama hizi haziko kwetu pekee. Kuna fundi mahali fulani, Kisumu au Kampala, ambaye saa hii anaambiwa "kadi imeungua, uza". Kijifaili changu hakimsaidii. Kinachomsaidia ni nambari kuingia kwenye orodha yenyewe, ili mashine yake iwake vizuri bila yeye kujua kwamba kuliwahi kuwa na shida.

Ukitaka kufanya hivyo, fahamu kwamba kuna orodha mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya majina. Inaitwa pci.ids na ilianzishwa na Martin Mareš wa Ucheki. Ndiyo inayofanya lspci ionyeshe jina badala ya nambari. Mtu yeyote anaweza kutuma jina kupitia tovuti yake, na wasimamizi wakilikubali linawafikia watu wote. Lakini jina halimleti dereva. Linasaidia tu mtu anayefuata ajue ana kitu gani mkononi.

Ya pili ni ya dereva mwenyewe, ndani ya kodi ya kerneli. Hapo kinachohitajika mara nyingi ni mstari mmoja wenye nambari mbili. Unatumwa kwa barua pepe kwa wanaomsimamia dereva huyo, pamoja na maelezo: ni mashine gani, umejaribu vipi, nini kilifanya kazi na nini kilikataa. Unaweka jina lako chini kuthibitisha kwamba kazi ni yako. Hawaulizi cheti. Hawaulizi ulimaliza chuo au la. Wanauliza kama umejaribu.

Na ukitaka kujaribu kwenye mashine yako, fuata haya:

Moja, fanya yote ukiwa umewasha kutoka kwenye flashi, bila kuweka Linux kwenye diski. Skrini ikiganda, unazima na hakuna ulichopoteza.

Mbili, anza na lspci -nn -k na uhifadhi matokeo. Kama kuna dereva halali kwenye mstari wa VGA, shida yako iko kwingine. Usiguse new_id.

Tatu, jaribu kwanza kerneli mpya zaidi. Mara nyingi kuna mtu alishaongeza nambari yako, ila wewe unatumia toleo la zamani.

Nne, usikisie. Nambari kufanana haimaanishi chipu zinafanana. Kumbuka GMA 500. Hakikisha kwanza kwamba ni familia moja. Dereva asiye wake anaweza kugandisha mashine nzima.

Tano, ikikubali, andika kila hatua na uitume. Hata kama mstari wako hautachukuliwa, maelezo yako yatampata mwingine anayetafuta nambari hiyohiyo saa tisa usiku.

Jumamosi

Wazee wa kamati walifika saa nne asubuhi. Jamaa wa skrapu naye alikuja, na mizani yake. Alikuta mashine 12 zimewashwa kwa mstari, watoto wawili wawili kwa kila moja, wengine wakisukumana. Mwenyekiti alimpa kibodi mbili zilizovunjika ili asirudi mikono mitupu.

Ule mstari wangu niliutuma Jumapili. Nilikaa siku nne nikifungua barua pepe kila baada ya dakika kumi kama mtu aliyeomba kazi. Siku ya tano jibu likaja, fupi. Halikuwa la kukubali wala kukataa. Lilikuwa swali: nimejaribu kwenye mashine ngapi?

Nikajibu: 12, na zote zinatumika.